Sampuli ya Saba

Umeme ulikatika saa nne na dakika kumi asubuhi, mashine ikiwa imemaliza sampuli mbili tu kati ya saba.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, arobaini na wawili waliobanana kwenye chumba cha mashine kama njiti za kiberiti, wakatoa mguno wa pamoja. Niliwafokea wanyamaze. Mzee Liaqat, fundi wa mashine, hakuinua hata kichwa. Aliinama akasikiliza mlio wa betri za akiba chini ya meza, kisha akasema, "Dakika arobaini, Madamu. Zikiisha hizo, moto wa mashine unazimika, na kuuwasha tena ni kesho."

Kesho ilikuwa imechelewa. Mchana uleule, baada ya swala ya Ijumaa, Nazar, kaka wa wifi yangu Tayyaba, angempakia dada yake garini pamoja na mtoto na kuwapeleka Bahawalpur kwa wazazi wao. Alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba Zimal hatalala tena chini ya paa la ndugu yangu Mazhar. Na Nazar, hata ukimchukia namna gani, ni mtu wa kutimiza kiapo.

Zimal ana mwaka mmoja na nusu. Alikuwa ameanza kusema "abba", yaani baba, na "maji" na neno lake mwenyewe la kumwita paka, halafu maneno yale yakaanza kupotea moja moja. Akawa analia bila sababu, hali, tumbo linamsokota. Hospitali walimpima damu wakakuta risasi. Nasema ile metali nzito ya kijivu, ambayo ikiingia kwa mtoto inakwenda kukaa kwenye mifupa na kichwani. Na Mazhar kazi yake ni nini? Kupasua betri chakavu za riksho, bajaji za kwetu, kuyeyusha risasi yake na kumimina vibao vipya. Hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha. Tangu siku ile Mazhar alihamia karakanani. Wiki tatu alilala kwenye gunia, na jioni alisimama nje ya geti la nyumba yake mwenyewe kumtazama binti yake kwa mbali, mikono mfukoni, kwa sababu aliambiwa mikono yake ni sumu.

Mimi peke yangu niligoma kukubali. Mama yetu alikufa Mazhar akiwa na miaka sita, nami ndiye niliyemlea. Na kemia nimeifundisha Multan hii miaka ishirini na sita. Nilimwambia Nazar usoni, "Risasi ya kila machimbo ina alama yake. Nipeni damu ya mtoto na kila kitu kinachomgusa, nitakuonyesha kama imetoka kwenye betri au haikutoka."

Nazar alicheka mpaka akakohoa. "Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Wewe ni dada yake, Shagufta. Utatuletea karatasi inasema risasi imetoka mwezini."

Basi tukawekeana masharti. Tayyaba ndiye aliyekusanya vitu, akavitia kwenye vifuko, akaviandika namba badala ya majina. Namba moja tu ndiyo tuliyoijua sote, damu ya Zimal. Orodha ya mengine aliifunga kwenye bahasha na kuigundisha kwa gundi. Mfuko wote ulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Liaqat, ambaye aliviyeyusha kwenye asidi siku ya pili yake, na mimi sikugusa hata kamba. Na kwa sababu nina kiburi, sitaki kukuficha, niliwasimulia wanafunzi kisa chote nikaamua kupima mbele ya darasa. Mada ya wiki ile ilikuwa muundo wa atomu. Nilitaka mashahidi arobaini na wawili wa ushindi wangu.

"Tunaendelea au tunalilia giza?" niliwauliza. "Wewe, Rimsha. Risasi ina protoni ngapi?"

"Themanini na mbili, Madamu."

"Nikiongeza protoni moja?"

"Si risasi tena. Inakuwa bismuthi."

"Nikiongeza nyutroni?"

"Inabaki risasi ileile, ila inanenepa."

Wakacheka, na mimi nikawaacha wacheke kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi kuliko la kitabuni. Risasi ina miili minne: ya 204, ya 206, ya 207 na ya 208. Tabia ni moja, sumu ni moja, uzito tu ndio unaotofautiana. Mitatu kati ya hiyo huongezeka polepole ndani ya mwamba, urani na thori zikioza kwa mamilioni ya miaka, na kila mwamba umeoza kwa kipimo chake. Ndiyo maana ukigawanya idadi ya 206 kwa idadi ya 207, unapata namba inayokwambia risasi hii si ndugu na ile.

Na mashine ile kubwa kama jokofu ndiyo inayojua kuhesabu. Inanyonya tone la sampuli, inalipuliza kwenye moto wa gesi ya argoni unaokaribia ukali wa jua, na humo kila atomu inanyang'anywa elektroni moja. Ikishabaki na chaji, inapitishwa kati ya fimbo nne za umeme ambazo huruhusu uzito mmoja tu kwa wakati, mwingine wote unatupwa pembeni. Mwishoni kuna mlango, na kwenye mlango kuna kihesabio.

Kwenye kioo cha kompyuta namba moja ilishasimama: damu ya Zimal, 1.17. Namba mbili ilikuwa 1.11, na vilele vyake kwenye mchoro vilikuwa virefu.

"Mbili hailingani na moja," Rimsha alinong'ona.

"Kanong'one nje," nilimwambia, lakini nami nilikuwa nimeshaona. Namba mbili yenye risasi nyingi kiasi kile isingekuwa kitu kingine ila vumbi la karakana.

Namba tatu, 1.14, risasi kidogo. Namba nne, 1.11 tena, na risasi tele. Namba tano, 1.14, kidogo zaidi. Namba sita ilikuwa karibu tupu, mashine ikahesabu kama mtu anayehesabu wageni kwenye harusi ya maskini. Dakika ishirini na tatu za betri zilikuwa zimekwenda. Joto la Juni lilikuwa limeingia chumbani na kukaa, baridi ya kiyoyozi imekufa, na jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni chini ya mtandio wa dupatta. Sikujali. Nilikuwa natabasamu. Hakuna hata moja iliyolingana na damu, na zile mbili zilizojaa risasi ndizo zilizokuwa mbali zaidi. Ndugu yangu alikuwa msafi.

"Bado saba," alisema Mzee Liaqat.

"Sita zinatosha, Mzee. Tuokoe betri."

"Mimi nimeletewa saba, napima saba." Miaka thelathini kwenye kiti kile, hajawahi kuruka kitu kilicholetwa. Akaingiza mrija.

Mashine ikapiga kelele kali, taa nyekundu ikawaka, namba zikafutika kwenye kioo. Darasa zima likarudi nyuma hatua moja.

"Imeharibika?" niliuliza.

"Imejifunga yenyewe. Risasi imezidi, kihesabio kimeogopa kuungua." Akautoa ule mrija akautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Ya Allah. Hiki ni kitu gani? Nimekichanganya na maji sawa na vingine."

Alikizimua mara elfu. Akaosha mabomba ya mashine kwa asidi, na kuosha huko kulikula dakika nane. Akaingiza tena. Ikajifunga tena. Akazimua mara kumi zaidi. Kule chini ya meza betri zilikuwa zimeanza mlio wa kuomba msaada, mfupi mfupi.

Safari ya tatu vilele vilisimama. Tulivitazama vikikua, 206, 207, na 208 kikivipita vyote. Mzee Liaqat akagawanya.

1.17.

Darasa likalipuka kwa makofi. Kijana mmoja alipiga mluzi. Kwao ilikuwa kama mwisho wa mechi: mkosaji amepatikana, na si baba! Nami nilipiga makofi, nakwambia ukweli, nilipiga makofi kama wao. Nikaichukua bahasha, nikaipasua mbele yao, nikaanza kusoma mwandiko wa mviringo wa Tayyaba kwa sauti ya ushindi.

"Mbili, vumbi la karakana. Tatu, rangi ya ukuta wa chumbani. Nne, nguo ya kazi ya Mazhar. Tano, manjano ya jikoni. Sita, maji ya bomba."

Kisha nikaona mstari wa saba, nikaishusha karatasi.

"Saba ni nini, Madamu?" akauliza Rimsha.

"Kipindi kimekwisha," nilisema. "Tokeni. Wote."

Walitoka wakinung'unika. Mzee Liaqat alizima moto wa mashine kabla betri hazijazima zenyewe, akaja akaichukua orodha mkononi mwangu. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

*Saba, wanja wa shangazi yake.*

"Shangazi yake ni nani?" aliuliza, na papo hapo akanirudishia orodha, kwa sababu alijua.

Kwetu siku ya sita baada ya mtoto kuzaliwa, anayempaka wanja ni dada wa baba. Si mama, si bibi. Ni haki yangu, na kwa haki hiyo Mazhar alinipa bangili mbili. Jiwe lenyewe tulirithi kwa bibi, jeusi, zito, linameremeta ukilivunja. Tangu nizaliwe nimeambiwa ni antimoni, wanja halisi wa watu wema, unaotia nuru machoni na kuzuia kijicho. Wanawake wengine walilisaga kwa mawe ya jikoni, wakapata unga wenye chengachenga. Mimi msomi nilikwenda nalo chuoni. Nililisaga kwenye kinu cha maabara, siku mbili, kwa maji ya waridi, mpaka likawa laini kama pumzi. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza. Kila mwezi nilimpelekea Tayyaba kichupa kipya, naye alimpaka Zimal asubuhi na jioni, na Zimal, kama watoto wote, alifikicha macho kisha akanyonya vidole.

Na kila mwaka, mwezi wa Septemba, mimi huyuhuyu huwapitishia wanafunzi sanduku la mawe na kuwaambia: hili jeusi, zito, linalovunjika vipande vya mraba vinavyong'aa, linaitwa galena, ndilo jiwe linalotoa risasi. Mwaka baada ya mwaka. Mganga hajigangi, wamesema wahenga, lakini mganga wa namna yangu afadhali asingekuwepo kabisa.

Kibaya zaidi, daktari aliniuliza. Kijana mzuri, nilimfundisha mwenyewe. Alisema, "Madamu, mtoto anapakwa wanja?" Nikamjibu, "Anapakwa, ni antimoni safi, nimesaga kwa mkono wangu." Akainamisha kichwa akaandika. Nani angeuliza mara ya pili mbele ya mwalimu wake?

Mzee Liaqat alikusanya mirija yake. Halafu akasema, akitazama pembeni, "Umeme ukirudi naweza kuchapa karatasi upya. Sita tu. Zinatosha kumsafisha ndugu yako. Kile kichupa unakivunja leo, mtoto anapona, na hakuna aliyejua. Mimi nastaafu Agosti, Madamu. Sina mdomo."

Nilitaka. Sitajifanya malaika. Umeme uliporudi alichapa karatasi mbili, moja ya mistari saba na moja ya sita, nikazitia zote kwenye mkoba nikaingia kwenye riksho.

Nilipofika, gari la Nazar lilikuwa limeegeshwa getini, masanduku mawili yamefungwa juu. Mazhar alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, juani. Aliponiona hakuvuka. Aliinua kidevu tu, kuuliza.

"Ingia," nilimwambia.

"Wamenikataza uani, Dada."

"Ingia mpaka mlangoni basi."

Uani Nazar alikuwa anakunywa chai kwa haraka, funguo kidoleni. "Haya, hakimu. Risasi imetoka mwezini?"

Nilifungua mkoba. Vidole vyangu viliijua karatasi fupi kwa kuipapasa, na ndiyo viliyoitoa. Nazar alisoma mara mbili. Si mjinga; alisoma hesabu zote akalinganisha na zile namba mbili ambazo Tayyaba alimnong'oneza pembeni, ya karakana na ya nguo.

"Karakana si yenyewe," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imepungua. "Nguo zake si zenyewe."

"Si zenyewe."

Tayyaba aliketi pale pale, sakafuni. Alikuwa analia. Alimtazama Mazhar mlangoni, mara ya kwanza baada ya wiki tatu, kisha akanishika mkono akaubusu. "Mungu akulipe, wifi yangu. Wote walisema ni yeye. Hata mimi nilisema ni yeye. Nimemfukuza mume wangu kama mbwa. Ungekuwa si wewe…"

"Nyamaza, Tayyaba."

"Lakini basi imetoka wapi?" Nazar aliuliza. "Si hiki, si kile. Inadondoka mbinguni?"

"Nitaendelea kutafuta," nilisema. Maneno yale yalinitoka mepesi kabisa.

"Anatafuta," alisema Tayyaba akifuta machozi, "na ataipata." Akainuka, akamchukua Zimal kitandani. Mtoto alikuwa mlegevu, kichwa begani kwa mama. "Hebu kwanza nimtengeneze mtoto, baba yake amwone akiwa mzuri, na macho ya watu wote hawa yasimdhuru." Akachukua kichupa cha wanja kwenye kizingiti cha dirisha. Akachovya kijiti. "Hata huu niliutia kwenye mfuko, wifi, usicheke. Ulisema kila kinachomgusa, nikaona nisije nikasema uongo."

Kijiti kilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye jicho.

Sijui nilivukaje ua. Nilimpiga Tayyaba mkono kwa nguvu, kijiti kikaruka, kichupa kikavunjika kwenye saruji, na unga mweusi ukatapakaa miguuni petu. Zimal akapiga yowe. Nazar akasimama, chai ikamwagika.

"Umerukwa na akili?"

"Ni huo," nilisema. "Ni wanja. Ni wanja wangu."

Nikatoa karatasi ya pili. Nazar aliishika pande zote mbili akasoma. Niliwaambia yote, jiwe, kinu, daktari, hata karatasi fupi na kwa nini niliichapisha. Nilisema, "Nilitaka kuwaficha. Nusu saa nzima nilitaka kuwaficha." Hakuna aliyenikatiza. Ningependa mtu anikatize, angalau anitukane.

Nazar alikunja karatasi vizuri, akaiweka mfukoni, akaenda kufungua kamba za masanduku. Huyo ndiye mtu niliyemwita mjivuni miaka minne.

Tayyaba alimpeleka mtoto bombani. Alimwosha macho kwa kiganja, akamwosha tena, akamwosha vidole kimoja kimoja, na Zimal alilia mpaka sauti ikakauka. Alipogeuka hakunitazama. Alinipita kama unavyopita kiti.

Mazhar alikuwa bado mlangoni, nusu ndani nusu nje. Aliitoa mikono mfukoni akaitazama. Kucha zake zilikuwa na ule weusi usiotoka.

"Dada," alisema, "una hakika? Naweza kumshika?"

Nilipiga hatua moja kumwelekea.

"Usimuulize yeye," alisema Tayyaba. "Niulize mimi. Vua hiyo nguo ya kazi, nawa mpaka kwenye viwiko, uje umshike mwanao."

Alinawa. Tulisikia maji yakimwagika muda mrefu, akasugua kwa sabuni ya kufulia, akasugua tena. Kisha akaja na fulana tu mwilini, mikono ikichuruzika maji, akampokea Zimal kama mtu anayepokea kitu kilichojaa mpaka ukingoni. Mtoto aliacha kulia. Akainua uso kumtazama baba yake, na mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na viatu vilivyovuliwa mlangoni, nikauona uso ule.

Nilimpaka wanja akiwa na siku sita, na tangu siku ile sikuwahi kuyaona macho yake bila kitu. Yalikuwa madogo, mekundu kwa kuoshwa, ya mtoto wa kawaida kabisa. Sikuwa nayajua.